Mshumaa Mbele ya Midomo

Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya nne, kwenye kituo kimoja cha kupokea simu za wateja wa Marekani jijini San Salvador, mshumaa uliwaka mchana kutwa. Haukuwa wa ibada, ingawa baadhi ya vijana waliokuja kutafuta kazi walijipiga ishara ya msalaba walipouona. Ulikuwa wa herufi p.

Don Leónidas Alvarenga aliuweka mbele ya midomo ya mwanafunzi, umbali wa kiganja kimoja, akamwambia aseme jina Peter. Mtu aliyelelewa kwa Kihispania huitamka p kwa upole, kama anayerudishia mlango ili mtoto asiamke. Mmarekani huifyatua. Kwa hiyo mwali ukitulia tuli, mwanafunzi amekosea. Ukilala na kuinuka tena, amepata. Wengine walihangaika wiki nzima kuulaza. Wengine waliuzima kwa mate, na darasa likapata la kucheka.

Aliyechekwa zaidi mwaka ule alikuwa Gadiel, kijana wa Soyapango mwenye nywele za kung'aa kwa mafuta na mdomo usiotulia.

"Soma," Don Leónidas akamwambia.

Gadiel akakohoa. "Mista Esteve Esmith, wa Guachinton."

"Nani?"

"Esteve Esmith, Don Leo."

"Huyo Esteve ni shemeji yako? Mnauza naye soseji sokoni Cojutepeque?" Darasa likaangua kicheko. Don Leónidas hakucheka. "Jina la mtu linaanza na s. Nani kakutuma umtangulizie e, kama unamtafutia gongo la kutembelea? Na hiyo Guachinton ndiyo wapi? Mimi naujua mji wa Washington."

"Samahani, Don Leo."

"Usiniombe radhi mimi. Mwombe huyo bwana, ambaye hapo alipo ameshakata simu. Unajua amesikia nini? Amesikia vumbi. Amesikia kuku wa bibi yako. Mtu anayesema hivyo hasikilizwi, anachekwa. Lishike neno hilo. Haya, rudia, mpaka huyo bibi atoke mdomoni."

Gadiel akarudia. Alirudia siku hiyo na wiki hiyo, na kabla ya Pasaka bibi alikuwa ameshatoka.

Vijana walimwogopa Don Leónidas, na walimheshimu. Katika mji ambao mlango hufunguliwa na anayekujua, mlango wake ulifunguliwa kwa mdomo wako tu. Aliyemletea jibini alirudi nalo kwao. Mpwa wa meneja mkuu alijaribu, akakosa, na meneja akanuna miezi miwili bila kumpata kwa lolote. Don Leónidas hakuchelewa kazini, hakukopa, hakuvaa shati lisilopigwa pasi. Watu wa namna hiyo ni wachache na nchi inawahitaji, na ndiyo maana inauma kueleza uadilifu huo ulikomfikisha.

Mtihani wake ulikuwa na desturi moja. Alikaa ameupa mgongo mlango. Mteja wa Texas, alikuwa akisema, haoni viatu vyako wala uso wako mzuri. Ana sikio tu, basi na mimi nitakuwa sikio. Mtahiniwa aliingia, akapewa nambari badala ya jina, akakaa nyuma yake na kuanza kuhojiana na msimamizi Wilber Chicas, aliyejifanya mteja mwenye hasira. Mwisho wa mazungumzo Don Leónidas aligonga meza kwa penseli. Mapigo mawili: subiri nje, kazi umepata. Pigo moja: asante, mlango uko hapo. Hakugeuka kwa yeyote. Wako watu San Salvador ambao maisha yao yaligeuzwa na mtu huyo na hawajawahi kuuona uso wake.

Wilber yeye alikulia Houston tangu hajaota meno yote, akarudishwa kwa nguvu akiwa mtu mzima, na mchoro wa shingoni aliouficha kwa kola. Kiingereza kilimtoka bila yeye kukifikiria. Kihispania ndicho kilichokuwa kikimkwama. Don Leónidas alimsikiliza kwa tamaa ambayo hakuikiri hata kwa padri.

Maana yeye Kiingereza alikipata kwa jasho. Akiwa kijana wa miaka ishirini alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli ya ufukweni La Libertad. Siku moja mgeni alipiga simu kutoka kando ya bwawa la kuogelea, akaagiza samaki na bia. Leónidas akarudia oda ili kuhakikisha. Mgeni akamwomba arudie tena. Akarudia, kwa adabu, akidhani laini ni mbovu. Akaombwa tena. Ndipo akagundua kwamba kicheko anachokisikia kwenye simu anakisikia pia dirishani. Akachungulia nje, akaona simu ikipita mkono hadi mkono, kila mmoja akiiweka sikioni kidogo, akijishika tumbo, na kumpa wa pili.

Jioni alikataa kula. Mama yake, aliyekuwa akiuza soseji sokoni Cojutepeque na ambaye watu wote walimwita Niña Chayo, maana huko mama mwenye heshima huitwa binti mpaka anazikwa, alimuuliza ana nini. Akamweleza.

"Lakini samaki waliletewa?" Niña Chayo akauliza.

"Waliletewa."

"Na bia?"

"Na bia."

"Basi walikuelewa, mwanangu. Kula."

Jibu hilo alilichukia maisha yake yote. Alinunua mshumaa, kioo na redio ndogo, akakaa navyo miaka. Iko aibu ambayo mtu akiibeba muda mrefu mno huanza kuiita kanuni, na watoto wake huilipa bila kujua iliagizwa wapi.

Mtoto wake alikuwa mmoja, Idalia. Siku alipotimiza miaka tisa walialika majirani. Keki ikaletwa, mishumaa ikawashwa, na watu wakaanza kuimba. Don Leónidas akawanyamazisha. Alitaka mtoto awakaribishe wageni kwanza kwa Kiingereza, mishumaa ikiwa mbele yake, ili wote waone mwali ukilala. Mwali haukulala. Akamwambia arudie. Nta ikachuruzika juu ya sukari, majirani wakawa wanatazama sahani zao, na jirani yao wa mlango wa pili, Niña Berta, akasema kwa sauti, "Don Leo, mwache mtoto apulize, keki inakuwa sabuni." Hakumwacha. Idalia alipuliza mishumaa iliyobaki vipande, machozi yakimtiririka, na tangu siku hiyo hakufungua tena kinywa chake kwa Kiingereza mbele ya baba yake.

Alijifunza kwingine, kwa rafiki zake na kwa simu yake, mlango umefungwa. Alifikisha miaka ishirini na mitatu akishona kola katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akabaki nyumbani. Shangazi yake wa upande wa mama, aliyekuwa Maryland, Marekani, akatuma ujumbe kwamba amempata mpitishaji mwaminifu wa kuwavusha watu mipaka kwa siri, binti aje. Idalia akajibu kwamba ataomba kwanza kazi ya simu. Akipata, anabaki. Asipopata, anakwenda.

Telma, mama yake, alilipeleka jambo hilo kwa mumewe jikoni, akiwa anapiga unga wa pupusa, mikate yao ya mahindi, kati ya viganja.

"Leo, Idalia ameomba kazi kwenu."

"Nimesikia."

"Mtihani ni Alhamisi."

"Vizuri. Aje afanye."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitasikiliza."

Telma akatia jibini katikati ya unga, akaufunga, akaupiga tena, safari hii kwa nguvu. "Akikosa anaondoka. Njia ile unaijua. Mtoto wa Niña Berta mpaka leo hajaonekana, hata kiatu."

"Kwa hiyo unataka niibe."

"Nani kasema uibe? Nimesema ni binti yako."

"Mpwa wa meneja nilimrudisha. Mtoto wa katekista wetu nilimrudisha, na baba yake hanisalimii kanisani. Nikimpitisha wangu kwa sababu ni wangu, kesho nimtazame nani usoni?"

"Wewe huwa humtazami mtu usoni, Leo," Telma akasema. "Unawapa mgongo."

Idalia alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Don Leónidas akamwona, akalainisha sauti.

"Njoo basi nikufundishe, mwanangu. Mpaka Alhamisi tunaweza kurekebisha mengi."

"Asante, baba," Idalia akasema. "Ulishanifundisha."

Alhamisi waliingia mmoja mmoja. Alimtambua kabla hajasema neno. Idalia alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kuzungumza, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, na namna hiyo aliirithi kwa Niña Chayo. Don Leónidas aliushika mgongo wake ukae wima.

Wilber, aliyeketi pembeni na karatasi yake, akaanza kufoka. Yeye ni mteja wa Chicago, umeme umekatwa, ndani kuna mama yake mgonjwa anayepumulia mashine. Kila mtahiniwa aliyetangulia aliomba kwanza nambari ya akaunti, kama walivyoelekezwa mlangoni. Idalia aliuliza kama mama anapumua sasa hivi. Wilber akasita, swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Akajibu kwamba anapumua kwa shida. Idalia akamuuliza jirani gani ana umeme, akamwambia mpeleke huko na mashine yake, mimi nabaki kwenye simu, ukifika niambie. Kisha, alipohakikisha mgonjwa yuko salama, akaomba nambari na kumaliza kazi. Wilber alisahau kufoka. Mwishoni alisema asante kwa sauti ya mtu anayeshukuru kweli.

Yote hayo kwa Kiingereza chenye makosa yote ya nchi yao. Esmith alikuwemo, na e yake. Chicago, ambayo wenyewe huanza kuitamka kwa sh, ilitoka kwa ch kavu. New York ikawa na j. V zote zilikuwa b. Don Leónidas aliyasikia kwa mpangilio, kama daktari anayesikia mapafu. Lakini chini ya makosa alisikia kitu kingine: ule mwinuko na mteremko wa sauti wa Cojutepeque, ule mvuto wa mwisho wa sentensi uliokuwa ukiita wanunuzi wa soseji. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yake akizungumza na Chicago. Na nyuma ya mama yake alilisikia lile bwawa la kuogelea. Aliiona simu ikipita mkono hadi mkono, na ndani yake sauti ya binti yake.

Wiki iliyotangulia alikuwa amempitisha kijana mwenye makosa karibu sawa na hayo, kwa maelezo kwamba yanarekebishika darasani. Ya Idalia yalirekebishika pia. Hilo lilipita kichwani mwake, alilijua. Mtu anayekataa kumpendelea mwanawe anastahili sifa. Mtu anayemnyima mwanawe hata haki aliyompa mgeni, kisha akajisifu kwa uadilifu, huyo amepotoka, na hakuna shati lililopigwa pasi litakalomficha.

Penseli iligonga mara moja.

Nyuma yake kiti kikasogezwa, na Idalia akasema kwa Kiingereza, kwa adabu, maneno waliyoelekezwa watahiniwa kuagia: asanteni kwa muda wenu. Mlango ukafungwa taratibu.

"Don Leo," Wilber akasema. "Umekosea kugonga."

"Sikukosea."

"Yule dada nilimwelewa kila kitu. Jamani, hata mimi nilianza kumhurumia mama yangu ambaye si mgonjwa!"

"Kueleweka hakutoshi."

"Hakutoshi kwa nani?"

"Mwite anayefuata."

Wilber alimtazama kisogo, kisha akaenda mlangoni. Ilikuwa mpaka jioni, kutoka kwa wasichana wa mapokezi, ndipo alipojua yule dada alikuwa nani. Siku iliyofuata hakumsalimia Don Leónidas.

Idalia aliondoka Jumatatu alfajiri. Mama yake alimfungia pupusa kwenye kitambaa, akamshonea fedha kwenye mshono wa suruali, akamvika rozari. Don Leónidas alikuwa amesimama jikoni akimimina kahawa, na kahawa hiyo ilichukua muda mrefu kumiminwa.

"Kama ungekubali tu nikufundishe," akasema akiiambia birika.

"Baba," Idalia akasema, "leo angalau geuka."

Akageuka. Idalia akamtazama kwa muda, kama anayetaka kukumbuka sura ya mtu aliyekutana naye safarini, akainua mkoba wake, akatoka.

Siku zote Idalia alizokuwa njiani Telma hakuzungumza na mumewe ila kwa mambo ya chumvi na ufunguo. Siku ya kwanza kabisa alichukua boksi zima la mishumaa ya kazini, akaipanga mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Don Leónidas alipouliza kesho atafundishia nini, Telma akamjibu, "Nunua mingine. Hii imepata kazi ya maana." Nta iliharibu kitambaa cha meza na hakuna aliyejali. Niña Berta alikuja kusali naye kila jioni, yeye aliyekuwa hajapata hata kiatu cha mwanawe, na kila alipompita Don Leónidas ukumbini alimwambia "habari za jioni" kwa upole uliomuuma kuliko tusi.

Idalia alifika. Sauti yake ilipotoka kwenye simu Telma alikaa chini sakafuni palepale. Alikuwa Maryland, anaosha vyombo mgahawani na kusafisha ofisi. Simu ikawa kila Jumapili mchana. Kila Jumapili aliuliza habari za mama, za Niña Berta, za mbwa. Za baba hakuuliza.

Mwaka ukapita. Gadiel, yule wa Esteve Esmith, alikuwa sasa fahari ya ghorofa. Kwa wateja alijiita Greg, na hakuna bibi wa Ohio aliyewahi kumshuku. Aliigiza sauti za Texas na za Boston kwa kuwekeana dau na wenzake, akashinda. Ukimsikia usingeweza kujua ametoka wapi, na Don Leónidas alikuwa akimwonyesha kwa wageni kama fundi anavyoonyesha kabati.

Desturi ya Ijumaa ilikuwa Don Leónidas na Wilber wakae wasikilize simu chache zilizorekodiwa. Ijumaa moja ilikuja simu ya Gadiel. Mteja alikuwa mwanamke, anapiga kutoka Maryland. Alibonyeza namba ya huduma ya Kiingereza badala ya Kihispania, na kwa kuwa ameshaingia, akajikaza na kuzungumza Kiingereza hichohicho. Bili yake ya umeme imeongezeka maradufu. Jina lake alilitaja, na mtaa wake. Don Leónidas alihitaji maneno matatu tu kujua kwamba mama huyo ametoka nchini kwao.

"Sijakuelewa," Gadiel akamwambia kwa Kiingereza chake kizuri. "Unaweza kurudia?"

Mama akarudia, polepole zaidi.

"Samahani. Tena?"

Akarudia. Nyuma kulisikika kitu kama mtu anayebanwa na kikohozi. Kisha hedifoni ikakwaruza, na pumzi ya mtu mwingine ikasikika karibu, kisha ya mwingine. Kila mmoja aliomba arudie. Mama yule alirudia kwa wote, kwa adabu, akitafuta maneno mengine, akidhani kosa ni la laini. Mwishowe akasema asante, atajaribu siku nyingine, Mungu awabariki.

Wilber alisimamisha mashine na kutukana kwa lugha zote mbili. Don Leónidas aliirudisha nyuma akasikiliza tena. Alitaka kuhakikisha si Idalia. Hakuwa yeye, sauti ilikuwa ya mtu mzima zaidi, nzito.

Wakamwita Gadiel. Akaja akitabasamu, akijua tu kwamba akiitwa huko huwa ni kusifiwa.

"Mama huyu ulimwelewa?" Don Leónidas akauliza, akimtazama usoni.

"Yule? Neno kwa neno, Don Leo. Anasema kama shangazi yangu wa Ilobasco."

"Basi kwa nini ulimfanya arudierudie?"

"Ah, tulikuwa tunacheka tu. Simu zilikuwa chache siku hiyo."

"Mshenzi wewe," Wilber akasema. "Huyo ni mama wa mtu."

"Wilber naye! Kila mtu ni mama wa mtu." Gadiel akamgeukia mwalimu wake, bado anatabasamu, bila uovu wowote usoni. "Don Leo mwenyewe si ndiye aliyetufundisha? Mtu anayesema hivyo hasikilizwi, anachekwa. Nimelirudia neno hilo mbele ya mshumaa wako mpaka nyusi zikaungua."

Don Leónidas alimpa ishara aende.

Gadiel alipewa onyo. Baada ya miezi miwili alipandishwa cheo, kwa kuwa takwimu zake zilikuwa nzuri na wateja wa Ohio walimpenda. Akapewa meza ghorofa ya tano, kazi yake kupitia upya rekodi za mitihani na kuidhinisha majina.

Katika mtihani uliofuata Wilber aliingia akakuta kiti cha mwalimu kimegeuzwa. Don Leónidas alikuwa ameketi akitazama mlango.

"Leo kuna nini?" Wilber akauliza.

"Hakuna kitu. Mwite wa kwanza."

Wa nne alikuwa msichana wa Chalatenango, mwembamba, na viatu vya kuazima. Alipouona uso wa Don Leónidas alishtuka kuliko ambavyo angeshtushwa na mgongo. Lakini Wilber alipoanza kufoka, msichana alimtuliza. Alikuwa na e zake zote na b zake zote. Don Leónidas alimtazama alivyokuwa akiinama mbele kana kwamba mteja yumo chumbani na amedondosha kitu. Penseli ikagonga mara mbili.

Msichana alifunika mdomo kwa mikono miwili, akatoka kungoja kwenye benchi la ukumbini.

Saa ya chakula haijafika, Wilber akarudi kutoka juu. Hakukaa.

"Wamemkataa yule wa nne."

"Nimempitisha mimi."

"Gadiel amesikiliza rekodi. Anasema hajafikia kiwango." Wilber akakuna shingo mahali penye mchoro. "Kiwango chako, Don Leo. Amenisomea makosa yote, kwa mpangilio uleule wako. Hata ile ya kuku wa bibi aliisema."

"Nitapanda nikaongee nao."

"Nimeshaongea. Meneja anasema kwa miaka yote hujawahi kumhurumia mtu, wasianze sasa. Anadhani umechoka. Anauliza kama unataka likizo."

Don Leónidas akainuka, akaenda mwenyewe ukumbini. Msichana alisimama haraka, akitabasamu. Alipoona uso wake tabasamu likaondoka polepole.

"Haikuwezekana, binti yangu," akamwambia.

"Lakini uligonga mara mbili."

"Niligonga."

"Nilikosea wapi, Don Leo?"

"Hukukosea."

"Basi kwa nini?"

Mtu huyu kwa miaka mingi alikuwa na jibu la kila ulimi na kila jino. Alisimama mbele ya benchi akafungua kinywa. "Nisamehe," akasema.

"Samahani haitanisaidia, Don Leo," msichana akasema, na sasa alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyepanda mabasi mawili. "Nina mtoto. Niambie kosa nikalirekebishe, nirudi mwezi ujao."

Hakukuwa na kitu kingine alichoweza kumpa. Don Leónidas akarudi ndani, akachukua mshumaa, akauleta ukumbini. Akauweka mbele ya midomo ya msichana, umbali wa kiganja.

"Sema Peter."

Mwali ukatulia tuli.

"Tena," akasema, kwa sauti isiyosikika vizuri, na msichana akavuta pumzi.

Jumapili ile Telma aliiweka simu mezani, sauti imefunguliwa, maana mikono yake ilikuwa na unga. Don Leónidas alikaa upande wa pili na sinia la maharagwe, akitoa mawe. Idalia alikuwa mapumzikoni mgahawani, vyombo vilisikika. Alikuwa akimweleza mama yake kuhusu koti alilonunua wakati mtu alipomwita kwa mbali, mwanamume, Mmarekani. Idalia akamjibu bila kutoa simu mdomoni. Lilikuwa jibu refu, la haraka, na ndani yake makosa yote ya zamani yalikuwemo, hata moja halijapungua. Yule mtu akacheka, kicheko cha mtu aliyechekeshwa, akasema sawa, naleta, na hatua zake zikaondoka kwenda kuleta.

Don Leónidas aliacha mkono wake katikati ya maharagwe.

Telma alimwona. Akajifuta unga kwenye aproni, akausogeza uso karibu na simu. "Mwanangu, baba yako yuko hapa. Amekaa nami. Anataka kukusalimia."

Vyombo vikagongana Maryland.

"Mwambie nipo kazini, mama."

"Lakini mwanangu, yuko hapahapa, anakusi—"

"Ndiyo. Mwambie nipo kazini."

Telma hakurudia ujumbe. Alimuuliza Idalia koti lile ni la rangi gani, na Idalia akamwambia, na Don Leónidas akaendelea kuchambua maharagwe.